Tuseme Chupa Imebaki Moja

Siku nilipokabidhi ufunguo wa chumba cha friji, nilimwahidi Mama Mwamini kwamba nitawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya chanjo, na kwamba nitaandika maswali yetu kabla ya kuandika sifa zangu. Yeye alitaka niape. Nilimjibu kwamba kiapo ni cha mahakamani, na kwamba mtu mwaminifu hutosheka na ahadi. Akanitazama kama alivyozoea kutazama kipimajoto kinachosoma vibaya.

"Filozofu," akasema, akiniita mwanafalsafa kama siku zote, "weye hata kuahidi unahubiri. Andika tu."

Najua mtacheka kumsikia mtu wa miaka thelathini na sita akijiita mstaafu. Vijana waliochukua nafasi yangu wameshaanza kuniita Papa Pansion, baba wa pensheni. Ukweli ni kwamba goti langu ndilo lililostaafu. Lilivunjika katika utelezi wa barabara ya Moba, na daktari aliyelifunga alinishauri kwamba milima ya Marungu sasa niitazame kwenye picha. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, nilibeba sanduku la chanjo kutoka Kalemie: kwa boti hadi Moba, kwa pikipiki hadi Kirungu na Pepa, na kwa miguu mahali ambapo pikipiki yenyewe ilihitaji kubebwa.

Mama Mwamini alikuwa nesi aliyesimamia chanjo katika kituo chetu cha afya. Mtu wa tatu wa kikosi chetu alikuwa Papa Kisimba, mtunza friji na mwendesha pikipiki, mzaliwa wa Kataki, ufukweni mwa ziwa, mtu ambaye aliweza kusikia kwa sauti tu kwamba friji ya mafuta ya taa inataka kukatwa utambi. Mimi nilitoka chuoni na diploma, na daftari la masomo ya maadili lenye jalada la plastiki. Nililiheshimu daftari lile kuliko viatu vyangu.

Juma langu la kwanza niliamua kuwaelimisha. Tulikuwa tumekaa mezani, nikawapa mfano niliojifunza chuoni. Tuseme mtumbwi uko katikati ya ziwa. Una watu watano, na unaweza kubeba wanne tu. Nani ashuke?

"Mutumbwi ni ya nani?" akauliza Papa Kisimba.

"Papa, si ya mtu. Ni mfano."

"Hapa ziwani Tanganyika hakuna mutumbwi bila mwenyewe. Na nani alipakia watu kupita kipimo? Huyo njo ashuke."

"Aliyepakia amebaki ufukweni."

"Kumbe! Mujinga yeye." Akafikiri. "Basi mimi ninashuka, ninashika pembeni, tunaenda pole pole. Mutumbwi ni mbao, haiko jiwe."

"Papa, tuseme hujui kuogelea."

Papa Kisimba alisimama. "Nani? Mimi? Mutoto wa Kataki?"

Mama Mwamini alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilikasirika. Niliona kwamba Papa anakimbia swali, na kwamba anayekimbia swali la namna ile hana uzito wa maadili. Ndugu zangu vijana, hilo lilikuwa kosa langu la kwanza katika kazi, na lilinichukua miaka kadhaa kulielewa. Papa hakuwa akikimbia. Alikuwa akitafuta mahali ambapo swali lilikuwa limefungwa bila sababu. Katika maisha, nusu ya mitego yetu imefungwa bila sababu. Nusu nyingine imefungwa kweli, na hapo ndipo mtu anapaswa kuchagua. Papa naye alihitaji kujifunza hilo. Mama Mwamini alituambia, "Weye unataka tuchague, yeye anataka kujua. Mutafundishana." Kisha akatuwekea kanuni.

Hapa ni lazima nieleze namna tulivyofanya kazi, maana ninyi hamkuikuta. Pakiti ya barafu ikitoka kwenye friji ya kugandisha haikuwekwa moja kwa moja ndani ya sanduku. Iliachwa mezani hadi itoke jasho, na hadi ukiitikisa karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Kabla ya hapo ni kali mno. Inagandisha chanjo, na ziko chanjo ambazo zikishaganda zimekufa, hata zikionekana nzima. Kungoja kule kulichukua nusu saa, wakati mwingine zaidi, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mezani, kwa kuwa daima kulikuwa na mtu mwenye haraka ambaye angepakia mapema. Basi tulikaa. Barafu ikitoka jasho, sisi tuliulizana.

Kanuni zilikuwa hizi: kila mtu ajibu kwanza, kisha ndipo aulize mambo ya mitumbwi na wenyewe. Baada ya majibu, muulizaji abadilishe kitu kimoja tu katika swali, na kila mtu ajibu tena.

Swali kuu la Mama Mwamini lilikuwa moja, na alilirudia kila alipoona tumejisahau. Chanjo ya surua, kama mnavyojua, huja ikiwa unga mkavu, katika chupa yenye dozi kumi. Ukishaifungua na kuichanganya na maji yake una saa sita. Zikipita, kilichobaki kinatupwa. "Tuseme chupa imebaki moja," alisema. "Amekuja mama mmoja na mutoto mmoja. Kesho, kijiji ya mbele, watoto kumi wanakungojea. Unafungua?"

"Hapana," nilijibu. "Kumi ni wengi kuliko mmoja."

"Hapana," akasema Papa Kisimba.

"Haya. Ninabadilisha kitu kimoja. Mutoto ni wa chefu wa kijiji."

"Hapana!" Tulisema kwa pamoja, tukajivuna.

"Ninabadilisha tena. Papa Kisimba, mutoto ni Nyota, mujukuu wako."

Papa alitazama pakiti za barafu.

"Ninafungua," akasema.

"Kwa hiyo haikuwa hesabu," akasema Mama Mwamini kwa upole. "Ulisema hapana kwa sababu ulikuwa haumujui."

Hakumlaumu. Hakuna aliyesema kwamba jibu la pili ndilo sahihi. Lakini siku ile nilitambua jambo ambalo daftari langu halikuniambia: swali la kubuni halikupi jibu la kazi, linakuonyesha sababu unayoitumia bila kuitaja. Ukibadilisha kitu kimoja na jibu lako likageuka, kitu hicho ndicho kilichokuwa kikishika usukani muda wote.

Mtaniuliza maagizo yalisemaje. Maagizo yalisema fungua hata kwa mtoto mmoja. Yalikuwa maagizo mazuri, yaliyoandikwa na mtu mwenye friji iliyojaa. Vituoni, ambako chupa zilikawia kuja, desturi ilikuwa nyingine: mama akija peke yake siku ya kilo, siku ya kupima watoto, aliambiwa angoje wenzake wafike, na wasipofika, arudi kilo ijayo.

Mama Mwamini mwenyewe aliwahi kusema maneno hayo. Alitusimulia mara moja tu, barafu ikiwa bado haijatoa hata tone. Katika mwaka wake wa tatu kazini alikuja mama mwenye mtoto wa kike, peke yake, naye akamrudisha. Mama yule hakurudi tena. "Labda alihama," alisema. "Labda alichanjia fasi ingine. Mimi sijui. Nikiwa sokoni, hata leo, ninaangalia wasichana wa umri ile." Ndiyo sababu swali lake lilikuwa lile lile. Alitaka mama wa namna ile, akija tena, awakute watu ambao wameshafikiri.

Nisije nikawatisha, nusu saa zile zilikuwa za furaha. Tulibishana hadi wagonjwa wa chumba cha jirani wakatuma majibu yao. Mara moja mama mjamzito alipita akiwa njiani kwenda chumba cha kujifungulia, akasimama mlangoni, akasema, "Mimi ningefungua!" kisha akaendelea na safari yake. Alijifungua salama, na Papa Kisimba akadai kwamba sauti ile inahesabiwa kuwa mbili.

Kosa langu kubwa nililifanya siku ya boti la mapema. Honi ilikuwa imelia mara mbili, mimi nikapakia pakiti ngumu kama matofali, bila jasho. Tulipofika Moba nilichukua chupa ya chanjo ya watoto wachanga, ile inayozuia kifaduro na pepopunda, nikaitikisa na kuiweka mezani. Chanjo nzima hubaki na ukungu sawasawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Hii ilijitenga, na chengachenga zikashuka chini kama unga. Nikachukua ya pili. Nikachukua ya tatu. Sanduku zima lilikuwa limekufa.

Hakuna aliyeona isipokuwa Papa Kisimba, naye alikuwa akifunga mizigo kwenye pikipiki. Kwa nje chupa hazikuwa na alama yoyote. Kile kialama kinachobadilika rangi kwa joto hakijui habari za baridi. Nikasikia ndani yangu sauti ya kisomi sana ikieleza kwamba huenda nusu ya chanjo bado ina nguvu.

"Filozofu," Papa akasema bila kugeuka, "ile siku Mama aliuliza: tuseme umeharibu na hakuna muntu ameona. Weye ulijibu mbio kuliko siye wote."

"Nakumbuka, Papa."

"Ulipiga hata meza."

Nilikuwa nimepiga meza kweli. Nikampigia Mama simu pale pale bandarini. Aliniuliza kama kwenye boti lile kulikuwa na mtu mwingine mwenye haraka kama yangu, kisha akasema atatuma sanduku jingine na kwamba nilale Moba. Tangu siku ile siwadharau wanaojibu maswali ya kubuni kwa kelele. Wanajifunga kamba wenyewe, mbele ya mashahidi, kabla upepo haujavuma.

Sasa nifike kwenye siku ambayo swali lilikuja kwa miguu.

Tulikuwa Marungu, upande wa juu wa Kirungu, asubuhi ya baridi ambayo mtu wa Kalemie huvaa kila alichonacho. Ya surua ilikuwa imebaki chupa moja. Mpango ulikuwa kufungua kesho yake, katika kijiji cha bonde la pili, ambako akina mama walikuwa wamearifiwa na walikuwa wengi. Pale tulipokuwa tulitarajia watu, lakini uwanja ulikuwa mtupu: ulikuwa msimu wa kuvuna maharagi, na kijiji kizima kilikuwa mashambani. Alikuja mama mmoja. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi kumi, jina lake Adela.

"Papa muganga, leo nimekuwa wa kwanza!" akasema kwa furaha.

"Mama Adela," nikasema, "umekuwa wa pekee."

Alitazama uwanja, kisha akanitazama. Nadhani alikuwa ameshawahi kurudishwa, kwa sababu alianza kukaza kitenge chake kabla sijasema neno lingine. Nikamwuliza ametoka wapi. Alinyoosha kidole kwenye mlima wa nyuma, si ule wa karibu. Alikuwa ameanza kutembea jogoo hajawika.

Nilimtazama Papa Kisimba, naye akanitazama. Tulikuwa tumejibu swali hili labda mara hamsini. Nilijua kwamba kama nikisema "hapana kwa sababu ya hesabu", sitakuwa nikisema kweli, maana nilishajua kwamba kwa Nyota tungefungua. Nilijua pia kwamba kama nikisema "ndiyo kwa sababu ya huruma", watoto wa kesho hawapo hapa kutazamwa usoni, na huruma yangu ina macho mafupi. Haya yote yalikwisha fikiriwa, yamekaa tayari kama sindano kwenye trei. Sikuwa na haja ya kuanza kuyatafuta mbele ya mama aliyechoka.

"Mutumbwi ni ya nani?" akanong'ona Papa Kisimba.

Sikumwelewa.

"Nani alisema watoto wa zile dozi tisa ni wa kesho? Saa sita njo saa sita. Watoto wako kwenye maharagi. Maharagi iko na miguu? Siye tuko na miguu."

Nikafungua chupa. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Adela alilia kilio kimoja kifupi, cha mtu aliyeonewa, kisha akashika kalamu yangu na hakuirudisha. Nikamweleza mama yake kwamba tuna hadi saa tisa kuwapata watoto tisa, la sivyo dozi zinatupwa.

"Kutupwa?" alisema. "Mimi nimepanda ule mulima, munitupie dawa? Kujeni."

Akaongoza. Sijawahi kufuata mtu anayetembea kwa kasi ile. Papa Kisimba aliacha pikipiki akabeba sanduku kichwani, mimi nikabeba daftari na sindano, na Mama Adela akawa mbele akipiga kelele kutoka tuta hadi tuta: "Mama Sofia! Leta mutoto! Chupa imefunguliwa!" Wanawake waliinuka katikati ya maharagi, wengine wakiuliza ni chupa ya nini, na mmoja akiwa na matumaini ambayo hayakuhusu chanjo. Tulichanja juu ya marundo ya maganda makavu. Tulichanja mapacha waliokuwa wakinyonya kwa pamoja, na mama yao akatukataza kuwatenganisha. Kila mara Papa alinitajia saa, na kila mara Mama Adela alitugeukia: "Sasa munatembea kama watu wa mujini."

Saa tisa kasoro dakika chache tulikuwa na watoto tisa, Adela akiwamo. Mama wa kumi alikataa, akasema mtoto wake ndiyo kwanza amelala na kwamba dunia nzima inaweza kungoja. Tulimsihi, hakukubali, na ilikuwa haki yake. Saa ikafika, dozi moja tukaitupa. Mama Adela alichukia, lakini alitugawia maharagi ya kutosha watu sita.

Kesho yake nilikwenda kijiji cha bonde la pili nikiwa mikono mitupu. Papa alipendekeza tutume ujumbe. Nilikataa, kwa kuwa watu ambao ningewanyima chanjo kwa uamuzi wangu walistahili kuniona. Akina mama walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Niliwaambia yote: chupa ilikuwa moja, ilikuwa ya kwenu, nimeifungulia mlima mwingine, mimi ndiye niliyeamua, nitarudi.

Kisha mwanamke mmoja mwenye umri mkubwa, aliyemshika mjukuu wake, akasema, "Kwa hiyo tumewavalisha watoto nguo ya Misa bure?"

Kicheko kilichofuata kilinipiga kuliko matusi. Lakini walinipa kiti, na viazi. Nilirudi baada ya siku tisa na chupa za kutosha. Katika siku tisa zile nilihofia kila kikohozi nilichokisia kiko kule juu. Nilipofika, watoto walikuwa wazima wote, na walikuwa wamevaa nguo za kuchezea. "Nguo ya Misa ni mpaka tuone chupa," yule bibi alinieleza. Nikamwonyesha chupa. Wakaenda kuwabadilisha watoto wote, na sisi tukangoja, na ilikuwa sherehe.

Niliporudi Kalemie nilimsimulia Mama Mwamini kwa majivuno. Aliniacha nimalize. Alicheka kwenye maharagi, alicheka kwenye nguo ya Misa. Kisha akasema:

"Ninabadilisha kitu kimoja. Tuseme mashamba yalikuwa matupu. Hakuna hata mutoto wa pili."

"Ningefungua, Mama."

"Ninabadilisha tena. Tuseme surua ilifika kule bonde ya pili, ndani ya zile siku tisa."

Kufaulu kulikuwa kumenipa kiburi kwamba nilitenda haki, kumbe kufaulu kulikuwa bahati, na bahati nilikuwa nimeiandika kwenye ripoti kama sifa. Swali lake liliiondoa bahati mezani, likaniacha na kitendo changu peke yake.

"Ningefungua," nikasema hatimaye, "na ningebeba lawama."

"Kubeba lawama ni neno ya mahubiri. Ungefanya nini?"

"Ningekwenda kule siku ile ile kuuguza. Na ningewaambia tena kwamba ni mimi niliyefungua."

Alitikisa kichwa kukubali. "Pengine ni vizuri, pengine si vizuri," akasema. "Mimi hata leo ningekaa nifikiri. Lakini weye jibu yako iko na miguu. Mimi ile siku nilijibu nikiwa nimekwisha kumurudisha yule mama. Nilifikiri nyuma yake, akiwa anashuka ngazi."

Ndugu zangu, leo mna masanduku mapya, yenye ukuta wa ndani unaozuia kuganda. Mnapakia na kuondoka. Nayafurahia, maana yameokoa chanjo nyingi kutoka kwa watu kama mimi. Lakini nusu saa ya barafu imekwenda nayo, na nimekaa kituoni asubuhi kadhaa nikiegemea fimbo yangu, nikaona mnavyoondoka bila kuulizana lolote, kila mmoja na simu yake. Wengine wenu mmeniambia kwamba maswali ya "tuseme" ni michezo, kwa kuwa hayatatokea kama yalivyo. Ni kweli, hayatokei kama yalivyo. Uwanjani pale kulikuwa na maharagi, na swali la mezani halikuwa na maharagi. Lakini niliyaona maharagi kwa kuwa kazi nyingine ya kufikiri ilikuwa imekwisha fanyika.

Ombi langu ni moja. Juma hili, kabla ya siku ya kilo, kaeni mezani nusu saa. Mmoja aseme chupa imebaki moja na mama amekuja peke yake, kisha kila mtu ajibu kwa sauti, mbele ya wenzake. Fanyeni hivyo mapema, tafadhali, ili mama yule akifika asisimame mlangoni akingoja sisi tujifunze.